Kamba ya Elfu Themanini

Gari lilichemsha tukiwa tumeshaipita Chalinze kama nusu saa, tunaelekea Morogoro. Mshale wa joto ulipanda ghafla, mvuke ukaanza kufuka pembeni mwa boneti, nikasogea nje ya lami na kuzima injini. Lilikuwa Premio, gia otomatiki. Saa kumi na moja jioni, jua limeshaanza kuinama. Hazikupita dakika kumi na tano, Fuso likasimama mbele yetu na utingo akaruka chini na waya mkononi.

"Shikamoo mzee," dereva aliniambia. "Hapa giza likikukuta patakusumbua. Nipe elfu themanini nikufikishe Msamvu, Morogoro."

Niliiona bei ya kindugu. Mafundi wa Morogoro wangeweza kulishughulikia gari asubuhi, na mke wangu asingelala porini. Nikakubali bila kuuliza swali hata moja. Tulivutwa zaidi ya kilomita hamsini, mara nyingi mshale wa mwendo ukinionyesha 60, kwenye mteremko 70. Tulifika salama, nikalipa, nikashukuru. Mpira wa rejeta uliopasuka ulibadilishwa kesho yake kwa fedha kidogo.

Wiki mbili baadaye gari likaanza kuchelewa kushika gia. Ukiweka D, injini inalia kwanza, kisha ndipo gari linastuka na kuondoka. Halafu rivasi ikapotea kabisa. Fundi wangu alimwaga oili ya gia boksi kwenye beseni, akachovya vidole viwili na kuvisugua mbele ya macho yangu. Ilikuwa nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua, na ndani yake kulikuwa na chembe za chuma zinazometa juani.

"Mzee, hili gari liliwahi kuvutwa?"

Gia boksi ya mtumba, oili mpya na ufundi vilinigharimu shilingi 1,600,000. Kwa hiyo kamba ile haikuwa ya elfu themanini. Ilikuwa ya 1,680,000, na sehemu kubwa ya deni ililetwa wiki mbili baada ya mwenye kamba kwenda zake. Simlaumu yule dereva. Fuso lake ni la gia za mkono, na alinisaidia kwa namna anayoijua. Aliyepaswa kulijua gari langu ni mimi.

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia simu kwamba amekwama njiani na ametajiwa bei, huwa simuulizi bei. Namuuliza: gari lako likivutwa, magurudumu gani yatakuwa yanazunguka juu ya lami? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha bei ipi ni rahisi na ipi ni ghali.

Sababu yake si ngumu. Kwenye gari la otomatiki, pampu inayosukuma oili ndani ya gia boksi inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imesimama. Ila magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiendelea kuzunguka barabarani, yanazungusha vyuma vya ndani ya gia boksi, navyo vinasagana bila oili mpya kuvifikia. Kuweka N hakuondoi tatizo hilo, kwa sababu N inaikata injini tu, haiyakati magurudumu. Vitabu vya magari mengi ya otomatiki vinaruhusu kuvutwa kwa dharura, umbali mfupi na mwendo mdogo, mara nyingi wa kilomita 30 kwa saa hivi. Gari langu lilipitishwa kilomita hamsini kwa mwendo wa mara mbili yake.

Sasa linganisha. Gari dogo la kuendeshwa na magurudumu ya mbele, kama IST, Vitz au Premio ya kawaida, likiinuliwa mbele na brekidauni ya kulabu, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure na hayana uhusiano wowote na gia boksi. Hapo brekidauni ya kawaida inatosha kabisa, na kulipa zaidi ni kupoteza fedha, mradi breki ya mkono imeachiwa. Ukiliinua gari hilohilo nyuma, mambo yamegeuka: magurudumu yanayoendesha ndiyo yaliyo chini. Wapo madereva wa brekidauni wanaoinua upande uliowaelekea kwa sababu ni rahisi kuufikia. Usikubali. Mwambie ageuze gari lake.

Gari la kuendeshwa na magurudumu ya nyuma linataka kinyume chake, yaani liinuliwe nyuma na usukani ufungwe vizuri usicheze, au fundi afungue propela. Kufungua propela ni kazi ya bolti chache kwa fundi anayejua, na ni bei ndogo mno ukiilinganisha na gia boksi. Watu wengi hawaifikirii kwa sababu hawajawahi kuiona ikifanywa.

Magari ya kuendeshwa na magurudumu yote manne muda wote, kama Subaru nyingi na RAV4 kadhaa, hayana upande salama wa kuinua. Ukiinua mbele, nyuma panazunguka na kulazimisha vyuma vya kati vipokee mzunguko usiolingana. Haya yabebwe mzima mzima, magurudumu yote manne juu ya gari la kubeba. Na magari ya haibridi, Prius na Aqua ambazo sasa zimejaa mitaani, yana sababu ya ziada: mota yake ya umeme imeungwa na magurudumu ya mbele, hivyo yakizunguka inazalisha umeme hata kama gari limezimwa. Kulivuta gari la namna hiyo magurudumu ya mbele yakiwa chini kunaweza kuunguza mfumo wake wa umeme, na hata kuwasha moto. Mwenye haibridi afute kabisa neno kamba kichwani mwake.

Gari la gia za mkono ndilo lenye uvumilivu zaidi. Kama una Hilux ya zamani ya gia hizo na gereji iko kilomita tano mbele, kamba nzuri na dereva mtulivu vinatosha. Siwezi kumshauri mtu wa aina hiyo alipe laki kadhaa kwa gari la kubeba.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze fedha. Nitataja bei nilizotajiwa mimi kwenye njia hii ya Dar es Salaam na Morogoro, nikijua zinapanda na kushuka kulingana na saa, mafuta na sura ya mteja. Kuvutwa kwa kamba na lori linalopita: 80,000. Brekidauni ya kulabu kutoka mji wa karibu: 200,000 hadi 250,000. Gari la kubeba kutoka Dar: 450,000 baada ya kuombana sana. Ukizitazama hivyo zilivyo, kamba inashinda. Ila kuna chaguo la nne ambalo hatuliweki kwenye hesabu kwa sababu ya haraka: kumleta fundi gari lilipo. Mkanda wa feni uliokatika, betri iliyokufa, mpira wa rejeta uliopasuka, hivi vyote vinatengenezeka pembeni mwa barabara kama kuna mwanga. Fundi kutoka Chalinze na bodaboda yake, akiwa na mpira mpya na lita kumi za maji, angenitoza pungufu ya ile elfu themanini. Nilichohitaji siku ile hakikuwa kuvutwa.

Kuna pia chaguo la kulala, ambalo nalo lina bei. Kulisogeza gari kwenye kituo cha mafuta au kituo cha polisi kilicho karibu, kumlipa mlinzi kitu kidogo, kulala nyumba ya wageni na kutafuta gari la kubeba asubuhi. Usiku bei inapanda, na mteja aliyekwama gizani hana nguvu ya kubishana. Saa mbili asubuhi, gari lako likiwa mahali salama, unapiga simu tatu na kuchagua. Mara mbili nimeona tofauti ya bei kati ya usiku na asubuhi ikilipa chumba, chakula na mlinzi, na chenji ikabaki.

Turudi kwenye kamba, kwa sababu najua wengi wetu tutaitumia hata baada ya maneno yote haya. Hatari yake kubwa si gia boksi. Ni breki.

Injini ikiwa imezimwa, busta ya breki inabaki na nguvu ya kusaidia mguu wako mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na unatakiwa kuikanyaga kwa nguvu zote ili gari lipungue mwendo kidogo tu. Pawa stelingi nayo haipo, usukani mzito. Na mbele yako, mita nne tu, kuna bodi la lori linaloziba barabara yote. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa unapita zaidi ya mita nane kila sekunde. Mita nne zinaisha ndani ya nusu sekunde. Dereva makini kabisa anahitaji kama sekunde nzima kuona taa ya breki na kuhamisha mguu. Ndiyo maana aliyeko nyuma hapaswi kusubiri taa ya breki. Anapaswa kuikaza kamba muda wote, kukanyaga breki mapema kidogo kuliko aliyeko mbele, ili kamba isilegee. Kamba ikilegea halafu ikavutika ghafla, mstuko wake ndio unaokata waya, kung'oa bampa au kurusha kulabu kwenye kioo.

Waya wa chuma na mnyororo havivutiki, kwa hiyo mstuko wote unakwenda kwenye magari. Mkanda wa nailoni uliotengenezwa kwa kazi hii unanyumbulika kidogo na kuumeza. Funga kitambaa chekundu katikati yake, kwa sababu waenda kwa miguu na bodaboda huona magari mawili na uwazi katikati, wakajaribu kupita. Na chunguza unapofunga. Magari mengi tuliyonayo yaliletwa kwa meli kutoka Japani, na chini yake yana vijipete vya chuma vilivyotumika kulifunga gari lisiteleze melini. Vijipete hivyo si vya kuvutia gari. Kulabu halisi ya kuvutia mara nyingi iko kwenye buti, pamoja na jeki na spana ya magurudumu, na inakazwa kwenye tundu lililofichwa na kifuniko kidogo cha plastiki kwenye bampa. Nenda katazame leo kama lako bado lina hiyo kulabu. Magari mengi ya mtumba yamefika bila hiyo, au ilipotea gereji.

Chuma kigumu cha kuvutia, kile chenye umbo la A au fito moja nene, ni bora kuliko kamba kwa kila hali isipokuwa bei ya kukinunua. Kinazuia gari la nyuma lisiligonge la mbele. Tofauti hiyo inaonekana kwenye mteremko. Ukishuka mlima wa Kitonga na kamba, gari bovu linataka kulipita linalolivuta, na kinacholizuia ni mguu wa mtu mmoja juu ya pedali iliyokufa. Kwa mteremko wa namna ile sioni hoja yoyote ya kamba, hata kama gari la kubeba linatoka mbali.

Sheria inasemaje? Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, na misingi yake inagusa jambo hili moja kwa moja: dereva awe na leseni, gari lisiwe na kasoro zinazohatarisha wengine, uendeshaji usiwe wa uzembe, na kwenye maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Wengi hudhani anayekaa kwenye gari linalovutwa ni abiria tu, kwa hiyo humweka kijana yeyote ashike usukani. Huyo anaongoza mzigo wa tani moja na zaidi barabarani, anakanyaga breki na kukata kona. Awe dereva mwenye leseni, asiwe amekunywa, na awe peke yake. Watoto na mama wapande gari jingine. Na gari ambalo breki zenyewe ndizo zilizokufa lisivutwe kwa kamba hata kwa mita mia, libebwe.

Nchi nyingine zimeandika vipimo, na naviona vinafaa kutuongoza popote tulipo. Afrika Kusini, kamba au chuma kisizidi mita tatu na nusu, na ukivuta kwa kamba mwendo ni kilomita 30 kwa saa. Uingereza, umbali kati ya magari mawili usizidi mita 4.5, na ukizidi mita 1.5 kamba ionekane waziwazi. Ujerumani, magari yote mawili huwasha taa za hazadi, na gari lililoharibika kwenye barabara kuu ya kasi hutolewa kwenye njia ya kutokea iliyo karibu, haliruhusiwi kuendelea kuvutwa humo hadi nyumbani. Ninachojifunza hapo ni kwamba kuvuta ni kulitoa gari hatarini hadi mahali pa karibu penye usalama. Kulisafirisha mkoa hadi mkoa ni kazi ya gari la kubeba.

Na taa za hazadi zikiwaka, indiketa hazieleweki tena. Kabla ya kuondoka kubalianeni ishara za mkono: ya kupunguza, ya kusimama, ya kukata kona. Badilishaneni namba za simu, ila aliyeko nyuma asishike simu akiwa anavutwa.

Sehemu ambayo watu wengi hawaisomi kabisa ni bima. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, Sura ya 169, lakini hailipi gari lako likiharibika, wala gharama za kulivuta. Bima kubwa mara nyingi inarudisha gharama za kulitoa gari kwenye eneo la ajali hadi kiwango fulani, na ndiyo maana nasema fungua karatasi zako ukakitafute kiwango hicho kabla hujasafiri. Angalia pia kama inahusu ajali tu au hata kuharibika kwa kawaida. Tofauti hiyo ni laki kadhaa. Ikiwa ni ajali, gari lisisogezwe kabla trafiki hajaja kupima, isipokuwa kuna hatari kwa uhai, na risiti ya EFD ya brekidauni itunzwe, maana bila hiyo hakuna cha kudai.

Upande wa pili ni wa wewe unayetaka kumsaidia mwenzako. Mikataba mingi ya bima ya magari binafsi iliyoandikwa kwa mtindo wa Kiingereza inakuruhusu kuvuta gari moja lililoharibika, ila kwa sharti kwamba hulipwi, na haigharamii uharibifu wa gari unalolivuta. Ukipokea malipo, umeligeuza gari lako kuwa la biashara siku hiyo. Ajali ikitokea, kampuni ina mlango wa kutokea, na utabaki wewe na aliyeumia. Jirani yangu mmoja hupenda kusema atachangiwa mafuta tu. Nimemwomba asome mkataba wake neno kwa neno kabla ya kuipokea hiyo bahasha ya mafuta, kwa sababu mpelelezi wa bima atauliza swali hilohilo.

Mwaka juzi nilikwama tena, safari hii na RAV4, jirani na Mikese. Nilipiga simu kwa watu watatu. Sikuanza na bei. Niliuliza: ni la kulabu au la kubeba? Bei ni ya kwenda tu au na kurudi, maana wengine huhesabu kilomita kutoka walipolala hadi wanaporudi? Ukifika na nisipoonekana haraka, unahesabu saa za kusubiri? Kupakia kunalipiwa kivyake? Gari likikwaruzwa ukiwa unalipakia, nani analipa? Utatoa risiti? Wawili walikata tamaa kabla ya swali la nne. Wa tatu alijibu yote kwa utulivu, akataja 280,000 hadi gereji, kila kitu ndani.

Alipofika nililipiga gari picha pande zote nne mbele yake, na kilomita kwenye dashibodi. Betri nayo ilikuwa imekufa kabisa na gia imegoma kutoka P. Akainua kifuniko kidogo pembeni mwa gia, akachomeka bisibisi nyembamba, akabonyeza, gia ikateleza hadi N. Nimeendesha magari ya otomatiki miaka mingi bila kujua kile kitundu ni cha nini. Kisha akalivuta kwa winchi taratibu hadi juu, akafunga mikanda minne, mmoja kila gurudumu, akauvuta kila mmoja kwa mkono kuhakikisha. Mimi na mke wangu tukapanda mbele naye. Ndani ya gari lililopakiwa hakuruhusu mtu.

Nilipotoka gereji niliandika karatasi, nikaibandika nyuma ya kioo cha jua upande wa dereva, mahali ambapo mke wangu au kijana wetu ataiona nisipokuwepo: "Gari hili ni otomatiki, magurudumu manne. Libebwe, lisivutwe. Kulabu iko chini ya tairi la akiba. Kitundu cha kutoa P kiko kulia kwa gia." Chini yake nimeandika namba ya simu ya yule dereva wa Mikese.